Mipigo Sita Kibandani Coldbrook

Alban alipanda ngazi za kibanda changu cha ishara za reli asubuhi ile bila kupiga hodi. Masizi yalimjaa shingoni, na kabla sijamsalimu akasema, "Hester, wamenichukua."

"Nani wamekuchukua?"

"Wale wa Wales. Barua imekuja jana. Injini za mvuke, milima mpaka unachoka kuitazama, na kazi yenyewe ya kudumu, si hii ya kujitolea Jumamosi hadi Jumamosi. Naanza keshokutwa."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kushikia mipini ya ishara. Ukiishika mipini ile kwa mkono mtupu jasho linaitia kutu, na mimi nina mikono ya jasho. Nikakikunja kitambaa mara mbili, nikakikunjua.

"Keshokutwa," nikarudia kama mjinga.

"Njoo nami."

Alisema hivyo tu, akanitazama. Macho ya Alban Tudge ni ya kijivu, na kwa sababu ya moshi wa injini kope zake huwa nyeusi kama amepakwa wanja. Siku ya kwanza kuyaona nilikosea mpini, nikasimamisha treni ya watalii wa Birmingham kwa dakika sita bila sababu. Toka siku hiyo ilikuwa imepita miezi kumi na minne.

"Baba hataki hata jina lako litajwe mezani," nikasema.

"Najua. Miezi kumi na minne nakupenda kwa kujificha, kama mwizi wa kuku. Mimi nina miaka thelathini na mitano, wewe thelathini na sita. Tutajificha mpaka lini? Mpaka tuote mvi?" Akavaa kofia yake. "Treni ya mwisho inapita hapa saa kumi kasoro dakika kumi. Nikirudi kutoka Ridge nitapanda ngazi hizi tena. Nipe jibu, Hester. Hata likiwa hapana, nipe."

Akashuka. Nilimwona akivuka reli na kuparamia injini, akaokota beleshi lake la makaa. Hakugeuka nyuma.

Reli yetu ni fupi. Inaanzia Kinlow, inapita hapa Coldbrook katikati ya mashamba ya matufaha, inapenya handaki la Garron na kuishia Ridge, juu kabisa kwenye malisho ya kondoo. Ilifungwa nilipokuwa mtoto mchanga. Waliokuja kuifufua ni wapenda reli wa vijiji hivi: mpeleka barua mstaafu, mwalimu wa hesabu, fundi wa matrekta, wajane wawili wenye hasira na michongoma. Walikata miiba miaka kumi na moja kabla gurudumu la kwanza halijazunguka. Mimi walinifundisha kazi ya ishara kwa sababu nilikuwa binti wa Clement Pryce, na Clement Pryce ndiye aliyekaa kibanda kile enzi zile, kijana wa miaka ishirini. Jambo la ajabu, baba mwenyewe hakuwahi kukanyaga humo tena. Walimwomba, wakamtumia hata keki. Alikataa.

Saa nne Dilys Mapp akaniletea chai na skonzi mbili. Dilys ndiye anayekata tiketi pale Coldbrook, na hakuna siri inayompita.

"Shoga, mbona umekaa kama umefiwa?"

"Usingizi tu."

"Usingizi una kope nyeusi na beleshi." Akacheka, kisha kicheko kikamkauka. Alikuwa akitazama rafu iliyo juu ya mipini, pale zinapokaa kengele mbili za mawasiliano. Ya kushoto ni ya Kinlow, inafanya kazi. Ya kulia ni ya Ridge, na kibanda cha Ridge kilibomolewa siku nyingi. Waya wake ulikatwa, ukaning'inia nyuma ya rafu kama mkia wa panya. Tuliiacha pale iwe pambo.

"Haijalia bado?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Dilys, kengele isiyo na waya italiaje?"

"Mwulize Percy Lugg."

"Percy Lugg amekufa."

"Basi ndiyo hivyo. Percy aliisikia. Novemba kama hii, alikuwa zamu peke yake humu. Alishuka ngazi, akaniambia, 'Dilys, mtu ananiita kutoka Ridge,' akaenda zake nyumbani, hakurudi tena. Kofia yake ile pale." Akaionyesha kwa kidevu. Ilikuwa msumarini, imeshika vumbi. Hakuna mtu aliyetaka kuiondoa. "Leo tarehe kumi na tatu, Hester. Siku ya Jabez."

Jabez Gwilliam alikuwa mchochea moto wa injini, kijana wa miaka ishirini na miwili. Alikufa ndani ya handaki la Garron miaka hamsini iliyopita, siku ile ile, saa kumi kasoro jioni. Dereva wake alikuwa Edwin Tudge, babu yake Alban. Kila mtu huku anaijua habari hiyo: mabehewa ya mawe yalifunguka juu Ridge yakaja mteremkoni peke yake, na Edwin Tudge akapita ishara nyekundu akaingia handakini kukutana nayo. Yeye alipona. Jabez hakupona.

*

Mchana mwenzangu wa zamu alinipokea, nikaenda nyumbani kula. Baba alikuwa amepika nyama ya kondoo na viazi, kama kawaida ya Jumamosi tangu mama afariki. Alikuwa ameandaa sahani mbili lakini yake hakuigusa.

"Umeiva uso," akasema. "Kuna nini?"

Nilitaka kungoja amalize kula. Nikaona hata akingojewa mpaka Krismasi hatamaliza.

"Baba, Alban amepata kazi Wales. Ameniomba niende naye."

Akaweka uma chini taratibu sana.

"Mtu yeyote, Hester. Nimekwambia. Niletee mwuza samaki, niletee mchungaji wa kanisa, niletee mwehu wa sokoni. Si Tudge."

"Kwa sababu ya babu yake?"

"Kwa sababu ya babu yake."

"Alban hakuwa amezaliwa! Baba yake mwenyewe alikuwa anavaa kaptura! Kosa la mtu aliyekufa zamani unalibandika vipi kwenye uso wa mjukuu?"

"Ndiyo uso wenyewe!" Baba akapiga meza, mchuzi ukaruka. Sikuwahi kumwona akipiga meza. "Ana uso ule ule. Pua ile, macho yale. Kila nikikutana naye njiani, Edwin Tudge ananitazama. Unataka nikae naye hapa kila Jumapili ananipitishia chumvi?"

"Basi hutakaa naye. Tutakuwa Wales."

Baba akaisukuma sahani yake pembeni. Saa ya ukutani ilisikika. Nje, ukungu ulikuwa umeanza kushuka kutoka Garron, umelala juu ya mitufaha kama shuka iliyoanikwa.

"Kengele imelia leo?" baba akauliza.

"Kengele gani?"

"Ya Ridge."

"Baba, ile haina waya."

"Najua haina waya. Nimekuuliza imelia?"

"Haijalia."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa bado yupo. Aliinuka akachukua koti lake zito na tochi.

"Unakwenda wapi na ukungu huu?"

"Kunyoosha miguu."

"Baba, sijamaliza kusema na wewe."

"Mimi nimemaliza," akasema, akafunga mlango nyuma yake pole pole, na upole ule uliniuma kuliko kama angeubamiza.

Nililia kidogo juu ya sahani. Kisha nikanawa uso, nikarudi kazini. Njiani niliamua. Nitakwenda. Nilisema kwa sauti, peke yangu, kwenye ukungu, nione linasikikaje: "Nitakwenda na Alban." Sauti yangu ilirudi kutoka upande wa handaki, ikiwa imechelewa kidogo kuliko inavyopaswa mwangwi kuchelewa.

*

Saa tisa na nusu Kinlow wakanipigia: treni ya mwisho imeondoka. Ukungu ulikuwa umeshika mpaka kwenye vioo. Niliona ngazi tatu za juu tu, za chini zilikuwa zimemezwa. Mlingoti wa ishara ya handaki, ambao siku zote nauona wazi mbele yangu, haukuwepo. Nilivuta mpini, nikasikia waya ukikwaruza kule mbali, nikajua mkono wa ishara umeinuka na taa imekuwa ya kijani. Nikakaa karibu na jiko nikingoja mlio wa injini yake.

Ndipo kengele ikalia.

Mpigo mmoja. Niligeukia ya Kinlow, nikanyoosha mkono niijibu. Lakini ya Kinlow ilikuwa imetulia. Ukaja wa pili, na nikaona vumbi likiruka kutoka kwenye kengele ya kulia, vumbi la miaka na miaka, na kinyundo chake kidogo kikitetemeka.

Tatu. Nne. Tano. Sita.

Katika lugha ya kengele, mpigo mmoja ni kuita. Miwili ni treni imeingia njiani. Sita ni hatari, simamisha kila kitu, usiulize.

Niliinama nyuma ya rafu nikatazama waya. Ulikuwa unaning'inia pale pale, umekatika, shaba yake imeota ukijani. Nikaushika. Ulikuwa baridi, hautikisiki.

Ikalia tena. Safari hii haraka haraka, kama mtu anayegonga mlango na kitu kinamfuata nyuma. Sita.

Nilijua watanicheka. Nilijua mwenyekiti wa chama cha reli angeniachisha kazi: binti Pryce amesimamisha treni yenye abiria sitini kwa sababu ya kengele ya pambo. Nilimwazia Percy na kofia yake. Percy alikuwa ameisikia na alishuka ngazi. Mimi nilisikia treni ikija, pumzi zake nzito zikipanda mteremko, na ndani yake alikuwemo mwanamume ninayempenda. Niliushika mpini kwa mikono yote miwili, bila kitambaa, nikausukuma nyuma mpaka ukagonga. Taa ikawa nyekundu.

Breki zilipiga kelele. Injini ilipita dirishani kwangu kama nyumba inayotembea, mvuke ukafunika kila kitu, na nikasikia magurudumu yakiburuta, yakiburuta, mpaka yakatulia. Ikapiga honi moja ndefu ya kuuliza.

Kwa sababu ndiyo desturi, na kwa sababu sikujua la kufanya jingine, niliweka kidole kwenye kitufe cha kengele ya Ridge nikaijibu. Sita. Ikanyamaza. Na mle kibandani nilisikia, sawasawa kabisa, mtu akishusha pumzi.

Kanuni inataka treni ikisimamishwa, mchochea moto aje kibandani kuuliza. Alban akaja akikimbia, taa mkononi.

"Kuna nini mbele?"

"Sijui."

"Hujui vipi?"

"Kengele ya Ridge imelia. Mara mbili. Sita, sita." Nikaionyesha kwa kidole. "Nicheke ukitaka."

Hakucheka. Alinitazama, akatazama ile kengele, na uso wake ukabadilika chini ya masizi.

"Mzee wako yuko wapi?" akauliza.

"Kwa nini unauliza?"

"Nilimwona wakati treni ya saa nane inashuka. Anatembea kando ya reli, anaelekea Garron. Nilimpungia, hakunijibu, nikasema ndiyo kawaida yake."

Alban alinishika bega, mara moja, kwa nguvu, akashuka ngazi mbili mbili.

"Nakuja nawe!" nikapiga kelele.

"Usitoke hapo! Ukitoka, nani ataishika ishara?"

Alikuwa sahihi. Mtu wa kibandani haachi kibanda. Nilimwona akiingia kwenye ukungu, taa yake ikawa doa, doa likawa hakuna. Nikabaki nimeushika ule mpini kana kwamba nikiuachia utajirudi wenyewe. Wote niliokuwa nao duniani walikuwa ndani ya shimo lile, na mimi nilikuwa nahesabu mapigo ya saa. Dakika nne. Saba. Kumi na moja.

Walitokea wakiwa wamekumbatiana. Alban alikuwa amempitisha baba mkono kiunoni, na baba alikuwa anaruka kwa mguu mmoja, amepoteza kofia, uso mweupe kama chokaa. Walipofika chini ya ngazi baba alisimama. Alizitazama ngazi zile kama zinapanda kwenda kunyongwa.

"Si humo," akasema.

"Mzee Pryce, kifundo cha mguu kimevimba kama boga, na humo kuna moto," Alban akamwambia. "Panda, bwana."

Akapanda. Tulimketisha karibu na jiko, nikamfunika koti langu. Alikuwa amelala katikati ya reli, hatua mia mbili ndani ya handaki. Alijikwaa, tochi ikavunjika, na mguu ukakataa. Alisikia treni ikija na hakuweza kuinuka.

"Nimekuona kwa sababu ya ile taa," Alban akasema akimfungua kamba za kiatu. "Vinginevyo ningekupita gizani. Uliitoa wapi?"

"Taa gani?"

"Taa nyekundu. Uliyokuwa unaitikisa."

Baba akamtazama. "Kijana, mimi sikuwa na taa. Tochi ilivunjika."

Makaa yalianguka ndani ya jiko, tukashtuka wote watatu.

"Mlikuwa wawili," Alban akasema taratibu. "Nilidhani mko wawili. Mmoja amechuchumaa karibu na kichwa chako."

Hapo baba alifunika uso kwa mikono akalia. Sijawahi kusikia mzee akilia vile, hata mama tulipomzika. Nikapiga magoti nikamshika. Maneno yalipomtoka hayakunielekea mimi. Alimwambia Alban.

"Ishara haikuwa nyekundu."

"Unasemaje, mzee?"

"Babu yako hakupita ishara nyekundu. Ilikuwa ya kijani. Mimi ndiye niliyeiacha ya kijani, kwa sababu sikuwemo humu. Nilikuwa kule kwenye uzio wa mitufaha, na Muriel." Akanitazama, akaangalia pembeni haraka. "Mama yako. Alikuja na kikapu, tukasimama pale. Nikasikia Ridge wanapiga. Nilihesabu sita, Hester. Nilihesabu vizuri kabisa. Na nikajiambia, umesikia vibaya, ni miwili, ngoja kidogo tu. Alikuwa amenishika kola. Ngoja kidogo tu."

"Baba..."

"Nilipofika juu hapa mlio wa mgongano ulikuwa umeshatoka handakini. Nikausukuma mpini nikaitia ishara nyekundu. Walipokuja kuuliza, wakaikuta nyekundu. Nikasema ndivyo ilivyokuwa. Wakaniamini mimi, wakamfukuza yeye. Hakuendesha treni tena. Nilikuwa namwona anasukuma toroli la matufaha pale sokoni Kinlow, mtu aliyekuwa anaendesha injini. Hakuwahi kunitukana. Kila mwaka siku hii nakwenda handakini kumwomba radhi Jabez. Edwin sijawahi kumwomba. Nilimwogopa. Na baadaye nikakuona wewe, una uso wake, unanipungia mkono."

Alban alikuwa bado ameshika kile kiatu. Alikiweka chini kwa uangalifu, kama kitu cha kioo. Nilitaka anitazame. Hakunitazama.

"Bibi yangu bado yu hai," akasema mwishoni. Sauti yake ilikuwa kavu. "Olwen Tudge, ana miaka themanini na miwili. Hayo usinieleze mimi, mzee. Kesho utakuja umweleze yeye."

"Nitakuja."

"Nina abiria sitini kwenye baridi," akasema, akashuka. Hakuniuliza jibu lake. Treni iliporudi kutoka Ridge ikapita bila kusimama, na mimi nikapunga mkono kwenye ukungu bila kujua kama kuna aliyeniona.

*

Kesho yake tulikwenda, baba akiegemea fimbo na bega langu. Nyumba ya Olwen Tudge ni ya mwisho katika mtaa wa reli pale Kinlow, ina jogoo wa bati juu ya paa. Alban alitufungulia. Alikuwa amenawa mpaka masizi ya kope yametoka, na bila ya yale masizi alionekana mgeni kwangu. Alinipisha mlangoni bila kunigusa, akatoka uani kupasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa.

Bibi kizee alikuwa amekaa wima kwenye kiti, shali mabegani, mikono juu ya magoti.

"Bi Tudge," baba akaanza, bado amesimama, "mimi ni Clement Pryce. Nimekuja..."

"Najua wewe ni nani. Kaa." Akageuka. "Wewe binti, njoo unisaidie birika."

Jikoni alifunga mlango. Hakugusa birika. Alinishika kidevu kwa vidole vyake vikavu akaupeleka uso wangu kwenye mwanga wa dirisha, akaukagua muda mrefu.

"Kumbe wewe ndiwe uliyetoka pale mitufahani," akasema. "Hebu nikuone."

"Unajua?"

"Edwin alinieleza wiki ile ile. Alipopita na injini aliona kibanda kitupu na watu wawili uzioni. Hao wawili tu, alisema, hawasikii hata treni. Nikamwambia nenda ukaseme. Akasema, 'Olwen, Jabez hatarudi. Kijana ana miaka ishirini, watamfunga, na yule msichana atasubiri nini? Mimi nina wewe tayari.'" Akaniachia kidevu. "Nilimchukia kwa hilo. Miaka tisa ya toroli, halafu akafa. Nilikuwa nampenda na nilimchukia, siku moja hivi, siku moja vile."

"Kwa nini hukusema wewe?"

"Aliniapisha. Na nilikuwa namngoja huyo." Akaelekeza kidole mlangoni. "Kila Krismasi nilisema, mwaka huu atabisha hodi. Miaka hamsini, binti, na kutoka kwake hadi kwangu ni stesheni moja tu. Sitamwambia kwamba najua. Atanisimulia yote, mwanzo mpaka mwisho, kwa mdomo wake. Wiki ijayo atakisimulia chama kizima. Anaweza?"

"Ataweza."

"Na wewe. Huyo mjukuu wangu anapasua kuni tangu alfajiri. Alikuuliza kitu?"

"Aliniuliza. Lakini tangu jana hajanitazama."

"Ana aibu, anafikiri ukimtazama utamwona mtu anayedai deni la babu yake. Nenda. Mlango wa nyuma hauna komeo."

Nilitoka uani. Alban aliinua shoka, akanisikia, akalishusha bila kupiga. Mgongo wake ulikuwa umenielekea.

"Kama baba angesema kweli siku ile wangemfunga, na mimi nisingekuwepo," nikasema. "Nimelala nalo usiku kucha. Sijui nikuombe radhi au nifanye nini. Niambie unataka nini."

"Nimejaribu kukuchukia," akasema, bado hajageuka. "Nimepasua kuni za miezi miwili, sijaweza."

"Kesho treni ni saa ngapi?"

Shoka likaanguka majanini. Akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu jana macho yale ya kijivu yakanikaa usoni.

"Saa moja na robo," akasema.

"Nitakuwa na sanduku moja. Zito."

Alivuka ua kwa hatua tatu. Alinikumbatia hadi nikasikia moyo wake kwenye shavu langu, na mikono yake ilikuwa inanuka kuni mbichi. Dirisha la sebuleni lilikuwa wazi juu ya vichwa vyetu. Baba alikuwa ameanza kwa sauti ya chini, maneno yanajikwaa, na tukamsikia Olwen akimkatiza.

"Sema kwa nguvu, Clement. Sikio hili halisikii. Rudi mwanzo."

Kiti kikakwaruza sakafu. Baba alikuwa amesimama. Kisha akaanza tena tangu mwanzo, kwa sauti kubwa, hadi jirani wa pili akafungua dirisha lake kusikiliza.